Nafasi Kwenye Programu ya Baba Yako

Wairimu wangu,

Saa hii umeenda kunyolewa, kwa vile shule yako mpya haitaki nywele. Umetoka ukinung'unika, "Mathe, nitakaa kama yai," nami nikacheka. Ulipofunga mlango nikalia kidogo. Nilijiambia si kwa sababu ya nywele. Lakini labda ni kwa sababu ya nywele, utaona ukisoma mbele.

Mambo ya sabuni, pedi, kufuli ya sanduku na ndoo isiyofaa kuazimwa mtu, hayo nimeyaandika kwa karatasi nyingine, iko chini ya shuka. Barua hii ni ya kitu kimoja tu. Nimekudanganya tangu ukiwa na miaka tisa. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini nakujua na najijua. Ungeniuliza swali moja, ningeanza kulia, ungeninyamazia, tungeishia kukunja sare za shule. Kwa hivyo keti kitandani. Soma mpaka mwisho ndipo unitafute.

Ni habari ya programu ya mazishi ya baba yako.

Unaijua. Ile karatasi ya kung'aa, amevaa kofia ya jeshi hapo mbele, meno yote nje. Uliipata kwenye mkebe wa vyeti, ukaisoma ukifuata na kidole, ukafika pale panaposema: "Ameacha mama yake mzazi, kaka yake Kariuki, na", halafu nukta, nukta, nukta mpaka mwisho wa mstari. Ukaniuliza, "Mimi niko wapi?" Nilikuwa nakaanga vitunguu. Sikugeuka. Nikakuambia, "Watu wa Gatuanyaga walikutoa. Hawakututaka."

Uongo wenyewe ulichukua muda mfupi kuliko vile vitunguu kuiva. Kuuondoa kumenichukua miaka sita, na hata leo naandika na kufuta.

Wacha nianze na yeye, kwa sababu wewe unamjua kwa picha tu. Njoroge hakuwa mtu wa bunduki vile unavyofikiria. Alikuwa dereva wa lori la maji. Alikulia Gatuanyaga, na unajua huko kulivyo kukavu. Tangu akiwa darasa la tatu kazi yake ilikuwa kuswaga punda na mitungi kwenda mtoni na kurudi. Alipopata jeshi, kijiji kizima kilimsindikiza, na jeshi likampa lori la maji. Alikuwa anasema, "Nilitoroka punda wa mama, serikali ikanipa punda wa magurudumu kumi."

Tulikutana kwa kibanda cha Kukhu wako, mama yangu, pale Ruiru, tukiuza chapati na madondo. Siku ya kwanza tulikuwa hatuna maji, mifereji imekauka wiki nzima. Akaondoka bila kusema kitu, akarudi na mtungi begani, shati la nyumbani limelowa. Kukhu akamwangalia. "Wewe unataka chapati ama unataka msichana wangu?"

"Nianze na chapati, mama mkwe."

"Mkwe wa nani? Umeleta hata kuku?"

"Kuku wa kwetu wamekonda, mama. Wangoje mvua."

Kukhu alicheka mpaka akaunguza chapati. Hakuwa mtu wa kucheka sana, unamkumbuka.

Ulizaliwa nikiwa na miaka kumi na minane. Kwa Wakikuyu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, kwa hivyo ukaitwa Wairimu, na Njoroge hakuwahi kukuita Wairimu hata siku moja. Alikuwa anakuita "mama." Mtu mzima, na viatu vyake vya jeshi, anapiga magoti kwa sakafu anaambia kitoto, "Mama, nipe ruhusa niende kazini." Ukimpa mkono, anaenda. Ukilia, anakaa dakika tano zingine. Wewe siku hizi unataka uitwe Shanice. Sikukatazi. Nataka tu ujue kwamba hilo jina lingine mtu alikuwa anapiga magoti akilitaja.

Jeshi lilipompeleka Somalia, alisema akirudi wazee wa kwao watakuja kwetu na ruracio, mahari yangu. Tulikuwa tumepangisha chumba kimoja, tukiishi tu vile watu huishi. Hakurudi. Lori lake lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani, likiwa limejaa maji, akiwapelekea wenzake. Ndivyo tulivyoambiwa, na zaidi ya hapo hatukuambiwa. Jeneza lilikuja limefungwa, na likakatazwa kufunguliwa. Sitakupambia habari hii. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Sasa sikiliza vizuri. Habari zilipelekwa Gatuanyaga, kwa sababu kwenye karatasi za jeshi alikuwa ameandikisha mama yake. Shosho wako angeweza kumtuma mtu kwetu. Angeweza kupiga simu. Alikuja mwenyewe mpaka Ruiru, na alipofika mlangoni niliona mguu mmoja una slipa ya buluu na mwingine ya kijani. Hakuwa anajua. Akakuchukua kutoka mikononi mwangu kwanza, akakukumbatia, ndipo akasema, "Nafula, Njoroge ametuacha." Mtu asiyekutaka hafanyi hivyo. Hilo nililiona kwa macho yangu, na bado nikakuambia niliyokuambia.

Ilikuwa Jumanne, mazishi yakiwa Jumamosi, tulipoketi sebuleni kwake kuandika programu. Mimi, wewe mgongoni, Shosho, na ankal Kariuki na daftari. Yeye ndiye angeipeleka duka la saiba Thika ichapwe. Lakini kabla hujasikia nilichosema siku hiyo, lazima ujue nilichoambiwa asubuhi yake.

Kukhu alikuwa na dada mkubwa kule kwao Bungoma, anaitwa Nasimiyu. Mume wake alipokufa, Nasimiyu alinyolewa kichwa, akakatazwa kuingia nyumba ya mtu yeyote mpaka siku fulani zipite, halafu akapewa shemeji wake amrithi. Yule shemeji alikuwa anampiga. Kukhu alikuwa mtoto, akaona yote. Si kila boma huko lilifanya hivyo, na wengi waliacha zamani. Lakini mama yangu alikuja Ruiru kuchuma kahawa akiwa amebeba picha hiyo, na miaka ishirini baadaye alikuwa bado anaiona. Asubuhi ile alinishika mkono kwa nguvu. "Nafula. Ukikaa kile kiti cha mbele, ukiandikwa kwa programu, umekuwa mjane wa boma lile. Na yule Kariuki hajaoa. Na mtoto akiandikwa, ni wao, watakuja kumchukua. Usikubali kuandikwa."

Sikuuliza mtu. Hapo ndipo nilipokosea, Wairimu, na nimepafikiria nikiwa kwa mashine kiwandani miaka yote hii. Kwa watu wa baba yako hakuna aliyekuwa ananoa wembe. Hakuna aliyekuwa na mpango wa kunipa Kariuki. Kariuki mwenyewe angesikia angeruka dirisha, alikuwa na msichana wake Makongeni. Tulikimbia mila ya boma lingine kabisa, tukawahukumu watu kwa jambo ambalo hata hawakuwa wamelifikiria. Swali moja tu lingetosha. "Mama, kwenu mjane hufanyiwa nini?" Angenijibu, "Hupewa chai."

Shosho aliniuliza kwa Kiswahili chake kile cha polepole, "Nafula, hapa tukuandike bibi yake, sindio?"

"Msiniandike."

Kariuki akainua kichwa. "Ati?"

"Hatukuwa tumefanya harusi. Hakuna ruracio iliyopelekwa. Msiniandike."

"Ruracio itapelekwa," Shosho akasema. "Hata sasa inaweza kupelekwa."

"Sitaki."

Alikuwa amempoteza mtoto siku tisa tu zilizopita, na alikuwa ananibembeleza mimi. "Sawa. Wewe bado msichana, una maisha mbele. Mimi siwezi kukufunga hapa na maiti. Lakini huyu," akagusa mguu wako uliokuwa unaning'inia hapa kiunoni, "huyu ni mimi. Huyu muache aandikwe."

"Mtoto ni wangu."

"Ni wako. Nataka jina tu, mwanangu. Jina halikuli kitu."

"Nimesema hapana, mama."

Kariuki alikuwa tayari ameandika "binti yake Wairimu." Aliniangalia, akamwangalia mama yake, halafu akapitisha biro juu ya jina lako. Niliitazama hiyo biro mpaka ikafika mwisho.

Na kwa vile nimeamua kusema, niseme yote. Haikuwa woga wa Kukhu peke yake. Ndani yangu kulikuwa na sauti inasema, Nafula, una miaka ishirini. Kama hujaandikwa popote, unaweza kuanza upya, na mwanamume akuchukue na mtoto asiye na hadithi ndefu. Nilimpata huyo mwanamume. Unamkumbuka kwa sababu ya redio aliyoivunja. Alikaa miezi minane. Kwa hiyo miezi minane nilikufuta kwa baba yako.

Siku ya mazishi sikukaa mbele. Nilivaa aproni nikaenda jikoni na kina mama wa kanisa, nyuma ya tangi la maji, nikakubeba mgongoni nikaanza kupakua wali. Nilipakua wali kwa mazishi ya mume wangu. Mwanajeshi mmoja, kijana tu, macho mekundu, alipokea sahani akaniambia, "Asante, mama. Wewe ni jirani?"

Nikasema, "Ndiyo. Jirani."

Waliinua bunduki wakapiga hewani, ukashtuka ukanikojolea mgongoni, ukalia, "Maji! Maji!" Ndilo neno baba yako alilokufundisha kabla ya mengine yote. Bendera iliyokunjwa akapewa Shosho. Nilikuwa namwona katikati ya vichwa vya watu, ameishika kama anavyoshika mtu sinia asilojua aliweke wapi.

Kabla ya jeneza kuteremshwa, alikuja mpaka jikoni. Mama wa marehemu, katikati ya ibada, aliondoka mbele ya mchungaji akaja kwa masufuria. Akaninyooshea programu, na juu yake ameweka biro. Hakusema kitu, kina mama walikuwa wengi pale. Nikachukua programu. Nikafikiri biro ameisahau hapo. Nikamrudishia.

Aliiangalia ile biro mkononi mwake, akaitikia kwa kichwa, akarudi kwa mwanawe.

Weka hiyo akilini, nitairudia.

Miaka ikapita. Alikuwa anapiga simu, nikawa sishiki. Nikabadilisha laini. Halafu ukiwa na miaka kumi akatokea pale geti la shule yako Ruiru, na mapapai mawili kwa kiondo, amevaa ile sweta yake ya kanisa. Hilo unalikumbuka, najua, kwa sababu tangu siku hiyo huwezi kula papai. Alikuita kwa jina. Ukamwambia, na sauti yako ilikuwa yangu kabisa, "Wewe si ulinitoa kwa kitabu cha baba? Rudi na mapapai yako."

Hakukuangalia wewe. Aliniangalia mimi. Alingoja niseme. Alinipa muda, Wairimu, alisimama pale kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe, na mimi nikasema, "Twende, tutachelewa." Akaweka yale mapapai kwa benchi ya mlinzi, akaenda zake.

Usijilaumu kwa maneno yale. Mimi ndiye niliyekupa, wewe ulirudisha tu kama ulivyofundishwa. Nikikumbuka siku hiyo, wewe huna kosa hata la kuweka kwa kidole.

Sasa Jumamosi iliyopita. Nilikuambia naenda ovataimu. Nilienda Gatuanyaga. Kariuki alikuwa amenipata kupitia kwa mtu tunayefanya naye kazi, akasema sukari ya Shosho imepanda mpaka machoni. Jicho moja limeenda. Lile lingine linaona kama mtu anayeangalia kupitia nailoni, na daktari amesema halina muda. "Hasemi kitu kingine," Kariuki aliniambia. "Anauliza kama kale kasichana kamekuwa karefu."

Nilimkuta ameketi nje, anachagua ndengu kwa vidole, hazioni. Kabla sijasalimia akasema, "Huyo ni Nafula."

"Umejuaje, mama?"

"Wewe hukanyaga kama mtu anayetaka kuondoka."

Nikapiga magoti pale kwa vumbi, na ndengu zake nikazimwaga. Nikasema, "Nilimwambia mtoto ni nyinyi mlimtoa."

"Najua. Aliniambia pale getini."

"Kwa nini hukumwambia ukweli?"

Akaendelea kupapasa ndengu chini. "Nimwambie mtoto wa miaka kumi mama yake ni mwongo? Halafu jioni alale kwa nani?"

Wairimu, nimekemewa na wasimamizi, nimetukanwa na mwenye nyumba mbele ya ploti nzima. Hakuna kitu kimewahi kuniangusha kama hicho.

Halafu akamwita Kariuki alete programu yake. Ikaletwa, imefungwa kwa leso. Nikamwambia, mama, hata sisi tunayo, na saiba waliharibu pale chini, waliacha nukta. Kariuki akacheka, kicheko kisicho kizuri. Akasema, "Hawakuharibu. Yule kijana wa saiba aliniuliza, 'Buda, hii nafasi ni ya nini?' Nikamwambia, 'Iache hivyo. Ni ya mtu.'" Ni Shosho aliyemtuma. Jumanne nilikataa uandikwe. Yeye akahesabu kwamba mpaka Jumamosi ni siku nne, na msichana wa miaka ishirini anaweza kubadilisha mawazo kwa siku nne. Akaamuru nafasi iachwe kwenye programu zote, ili nikikubali, jina liandikwe kwa mkono, hata moja tu. Watu walizishika siku ile wakanong'onezana kwamba kijana wa saiba alikuwa amelewa. Akavumilia hiyo aibu pia.

Na ndipo akaja jikoni na biro.

Kwa hivyo zile nukta ulizozichukia, ulizofikiri ni mahali ulipofutwa, ni mahali ulipokuwa umewekewa. Mimi nilikufuta. Yeye akakushikia nafasi, na ameishika mpaka macho yanamwishia.

Sijui utanifanyaje ukimaliza kusoma. Una haki ya kukasirika, na sitakuharakisha. Ukitaka kusafiri nami kesho bila kuniongelesha, ni sawa, nitabeba sanduku. Nimejifunza kitu kimoja tu ambacho naweza kukupa, na sikukisoma popote. Siku utakapoogopa watu, waulize kwanza. Waulize hata kama sauti inatetemeka, hata kama mama yako amekushika mkono na kukuambia usiulize. Hata kama mama huyo ni mimi.

Nimeona unavyojitazama kwa kioo hizi siku, ukigusa nywele. Mama yangu aliogopa wembe usioko, nami nikapoteza kila kitu kwa sababu ya wembe huo. Wewe umeenda kwa kinyozi mwenyewe, umelalamika, utarudi, nywele zitaota. Nilipokuwa nalia hapa mlangoni nadhani nilikuwa nakuonea wivu.

Sasa kesho. Shule iko mbele ya Matuu, na gari letu litapita Gatuanyaga. Tutashuka. Hilo si ombi, mimi bado ni mama yako. Shule mnaripoti kabla ya saa kumi na moja, na nimepanga tutoke hapa mapema ili tuwe na muda. Kariuki atatungoja kwa barabara na pikipiki. Kuingia kwa boma ndiyo yako kuamua. Ukikataa, tutakaa hapo kando ya barabara na sanduku mpaka muda uishe, na sitakusukuma. Lakini hutapita pale ukiwa umelala kwa gari kama tulivyokuwa tukipita.

Nilipokuwa naondoka Jumamosi nilichukua biro kwa meza yake nikataka kuandika jina lako pale mwenyewe, nirekebishe angalau hilo. Akasikia karatasi ikisogea. Akaniwekea mkono juu ya mkono.

"Wewe ulirudisha biro," akasema. "Ngoja mwenyewe aje."

Programu yake iko mezani, karibu na dirisha, pale kuna mwanga. Huna haja ya kuandika maneno mengi. Andika kubwa, jicho lililobaki halioni maandishi madogo.

Biro nimeiweka kwa mfuko wa juu wa blezi yako. Ni nyeusi. Nimeijaribu, ndiyo hii nimeandikia barua.

Mama yako,
Nafula